Kidonda Kilichoachwa Wazi: Kujitunza Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Bawasiri na Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa

Mtu aliyetolewa kidole tumbo anarudi nyumbani ameshonwa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ameshonwa. Hata aliyejikata kwa panga akifyeka migomba ameshonwa. Lakini aliyefanyiwa upasuaji wa bawasiri anarudi Kibosho au Tengeru na vidonda viwili au vitatu ambavyo havina uzi hata mmoja, na kabla hajafika kitandani ndugu wameshaanza kuulizana pembeni kama kazi ilimalizika kweli.

Ilimalizika. Kidonda kimeachwa wazi kwa makusudi, na ukishajua sababu yake, karibu kila agizo utakalopewa kwa wiki sita zinazofuata linaeleweka.

Njia ya haja kubwa haiwezi kusafishwa ikabaki safi. Kinyesi kinapita hapo kila siku, na kinyesi kimejaa vijidudu. Ukifunga mdomo wa kidonda kwa juu huku vijidudu wamebaki chini, unatengeneza jipu. Kikiachwa wazi, majimaji na uchafu vinatoka vyenyewe, na nyama mpya inajaa kuanzia chini kuja juu mpaka ngozi ya pembeni inapokutana. Utaratibu huu wa kuacha wazi ulielezwa na madaktari Milligan na Morgan wa London mwaka 1937, na mpaka leo unatumika sana. Wapo madaktari wanaoshona juu kwa nyuzi zinazoyeyuka. Nyuzi hizo mara nyingi huachia ndani ya siku chache, kwa hiyo ukiona kipande cha uzi chooni usidhani kuna kilichoharibika, kwa sababu kidonda kinaendelea kupona kutoka chini kama kile ambacho hakikushonwa.

Kati ya kidonda na kidonda daktari huacha utepe wa ngozi nzima. Asingeuacha, kovu lingezunguka duara lote na kulibana kama kamba ya mfuko. Utepe huo huvimba siku za kwanza, wakati mwingine ukatuna kama zabibu. Mgonjwa anajigusa, anakuta uvimbe, anasema bawasiri imerudi. Haijarudi. Uvimbe huo huanza kunywea wiki ya 2, na mara nyingine huacha kijinyama kidogo cha ngozi kisicho na madhara.

Maumivu yanatoka wapi

Ndani ya njia ya haja kubwa, sentimita mbili hivi kutoka nje, kuna mpaka. Juu ya mpaka huo mwili hausikii kukatwa wala kuchomwa. Ndiyo maana bawasiri ya ndani inaweza kufungwa mpira kliniki, bila ganzi, na mtu akatembea kwenda kupanda daladala. Chini ya mpaka kuna ngozi yenye mishipa ya fahamu mingi kama ncha ya kidole. Upasuaji wa kuondoa bawasiri kubwa unavuka mpaka huo, kwa hiyo unauma, na hakuna sababu ya kumficha mgonjwa.

Kuna jambo la pili. Njia ya haja kubwa ina misuli miwili ya kubana: wa nje, unaoutawala mwenyewe, na wa ndani, unaojibana bila kukuuliza. Huu wa ndani ukisikia maumivu unakaza. Ukikaza, maumivu yanaongezeka. Yakiongezeka, unakaza tena.

Mzunguko huu ndio unaozaa mpasuko usiopona. Choo kigumu kinachana ngozi, mara nyingi upande wa nyuma katikati, mchano mdogo usiofika hata urefu wa ukucha wa kidole gumba. Msuli unakaza, damu inafika hapo kwa shida, na kidonda kisichopata damu hakiponi. Upasuaji wake ni kukata sehemu ya chini ya ule msuli wa ndani, pembeni, ili kamba ilegee. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapochanganyikiwa, kwa kuwa mara nyingi daktari hagusi kabisa ule mpasuko wenyewe. Kidonda kipya, kidogo, kiko ubavuni, na mpasuko wa zamani umeachwa palepale ujifunge wenyewe baada ya damu kurudi. Wengi husikia nafuu ndani ya siku chache, kabla hata mpasuko haujafunga, maana kilichokuwa kinauma zaidi ni msuli. Mpasuko wenyewe huchukua wiki 6 hadi 8.

Kazi yako basi ni ipi? Kidonda kitapona chenyewe, mradi kisichanwe upya. Unachotakiwa kukitunza kwa bidii ni choo. Mgonjwa akiogopa maumivu anajizuia kwenda haja. Anapunguza kula ili choo kisije. Siku ya 5 kinakuja, kimekauka, kikubwa, kinachana nyama changa, na msuli unakaza. Vidonda vingi vinavyochelewa kupona vimeanzia hapo, wala si kwenye kisu cha daktari.

Usiku wa kwanza

Wengi hupigwa ganzi ya mgongo. Miguu ikiwa bado mizito usiinuke peke yako, na usikalie maji ya moto siku hiyo kwa sababu hutasikia yakikuunguza.

Angalia mkojo. Ganzi, maumivu na msuli uliokaza vinaweza kuufunga kabisa, hasa kwa wanaume wenye umri mkubwa. Kunywa maji kidogo kidogo mpaka mkojo wa kwanza utoke, usijaze kibofu kwa lita mbili kwa mpigo. Zikipita saa 6 hadi 8 tumbo la chini limejaa na hakuna mkojo, rudi hospitali uwekewe mpira wa kutoa mkojo kwa muda. Usisubiri kukuche. Kichwa kinachouma sana ukikaa na kupoa ukilala nacho kinatokana na ganzi ya mgongo, waambie waliokuhudumia.

Kama daktari aliweka pamba maalumu ya kuzuia damu ndani, usiivute. Nyingine huyeyuka, nyingine hutoka na choo cha kwanza. Uliza kabla ya kuondoka umewekewa ipi.

Kurudi nyumbani panda gari, si bodaboda. Anayekwenda Marangu au Old Moshi ajilaze kwa ubavu kiti cha nyuma, na ameze dawa ya maumivu kabla ya kuondoka wodini, kwa kuwa kile kipande cha mwisho cha barabara ya vumbi na mawe ndicho kitakachomkumbusha kila kidonda.

Dawa, na kwa nini saa zake ni muhimu

Siku 3 hadi 5 za kwanza usisubiri maumivu yaje ndipo umeze. Kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi vidonge 8 kwa siku. Juu yake madaktari wengi huongeza diklofenaki au ibuprofeni baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema asipewe.

Tramadoli inatuliza sana lakini inafunga choo. Ukipewa, tumia siku chache, na usiitumie hata siku moja bila dawa ya kulainisha choo. Wapo wanaoandikiwa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, ile inayojulikana zaidi kama Flagyl. Pombe na dawa hiyo havikai pamoja, na mbege ni pombe hata kama bibi ameileta kwa nia njema kwenye kata ya kunywea. Acha mpaka siku 2 zipite baada ya kidonge cha mwisho.

Dawa ya kulainisha choo ndiyo ambayo mtu haipi uzito, kwa kuwa haitulizi chochote leo. Laktulosi huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo, na huchukua siku 1 hadi 2 kufanya kazi. Kwa hiyo ianze siku ileile ya upasuaji. Kipimo cha kawaida cha kuanzia kwa mtu mzima ni mililita 15, asubuhi na jioni. Pima kwa kifuniko kinachokuja na chupa, maana vijiko vya jikoni havilingani. Unatafuta choo laini chenye umbo, kama ndizi mbivu iliyomenywa. Kikiwa kigumu ongeza, kikiwa maji punguza. Kuharisha nako si ushindi: kunachubua kidonda, na pia choo laini chenye umbo ndicho kinachonyoosha njia taratibu kila siku ili kovu lisije likaibana.

Choo cha kwanza

Huja mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4. Jiandae, usikisubiri kama hukumu.

Asubuhi meza dawa ya maumivu. Kunywa bakuli la uji wa moto, kisha glasi mbili za maji. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huanza kusukuma wenyewe, na hiyo nusu saa baada ya kifungua kinywa ndiyo saa yako. Msukumo ukija, nenda wakati huohuo. Ukiuahirisha, choo kinarudi juu na kuendelea kunyonywa maji.

Kwenye choo cha kukaa weka miguu juu ya kigoda cha sentimita 20 hivi, magoti yapande juu ya nyonga, viwiko juu ya mapaja. Kwenye choo cha kuchuchumaa mkao wenyewe tayari ni mzuri, ila kizunguzungu kinaweza kukukuta, basi shika ukuta au kamba na mtu awe karibu mlangoni. Mzee asiyeweza kuchuchumaa atengenezewe kiti cha mbao chenye tundu. Usikaze pumzi. Pumua kwa mdomo, polepole, kama unayepuliza chai ya moto, na uache tumbo litanuke mbele. Dakika 5 zikipita bila kitu, inuka. Kukaa muda mrefu na simu mkononi kunajaza damu sehemu ileile iliyokatwa.

Itauma. Kuna maumivu ya kukata kwa dakika chache, kisha mchomo unaofifia kwa saa moja au mbili. Utaona damu. Matone machache yakianguka kwenye maji ya choo yanayafanya yote yaonekane mekundu, na mtu anadhani amemwaga damu kikombe kizima. Angalia kinachotoka kwenye mwili, usipime kwa rangi ya maji.

Siku ya 4 ikiisha bila choo, mpigie daktari. Kwa kawaida ataongeza laktulosi au dawa nyingine ya kumeza. Usipige bomba la maji wala kuingiza kidonge huko nyuma bila ruhusa, kwa sababu ncha ya bomba inaweza kutoboa kidonda kibichi.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata watu makini. Choo kikikauka na kuziba ndani, majimaji ya juu yanapenya pembeni yake na kuchuruzika. Mgonjwa anaona nguo imelowa, anasema anaharisha, anaacha laktulosi na kumeza dawa ya kufunga tumbo. Kumbe amefunga choo. Dalili zake ni hizi: uzito usioisha, hamu ya kwenda kila mara, na kinachotoka ni maji kidogo tu. Huyo anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Beseni

Maji ya uvuguvugu ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote hapa, na inafanya kazi kwa sababu joto linalegeza ule msuli wa ndani. Kusafisha ni faida ya pili.

Chukua beseni pana la plastiki linalotosha makalio, lioshwe kwa sabuni na kusuuzwa, na liwe la kazi hiyo tu. Tanguliza maji baridi, halafu ya moto, usianze na ya moto. Sehemu moja ya maji yaliyotoka kuchemka kwa sehemu tatu za maji ya bomba inakupa joto la karibu nyuzi 38 hadi 40: lita 2 za jikoni kwa lita 6 za bomba. Arusha mwezi wa 7, maji ya bomba yanapokata vidole, utahitaji ya moto zaidi kidogo. Moshi mjini wakati wa joto la Januari utahitaji pungufu. Pima kwa kiwiko, usipime kwa kiganja kilichozoea sufuria. Yawe kama ya kumwogesha mtoto mchanga.

Kalia dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku, na kila baada ya choo. Zaidi ya hapo ngozi inalowa ikawa nyeupe na kuchubuka. Usitie Dettol, spiriti wala sabuni, kwa kuwa zinaua nyama changa inayojaa. Chumvi kidogo haidhuru lakini si lazima, maji matupu yanatosha. Wapo wanaouliza kuhusu floraidi, madini yaliyomo majini, kwa kuwa maji ya pande za Meru yanajulikana kwa kuharibu meno. Kwa kukalia, haina shida. Kama chanzo ni mto au kisima cha wazi, yachemshe yote kwanza.

Inuka polepole, ukishika kitu. Joto hushusha presha, na watu huanguka wakati huo.

Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba, usisugue. Karatasi kavu ya chooni iache mpaka kidonda kifunge, jisafishe kwa maji ya kopo, na mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha kunja kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kiweke katikati ya makalio kwa nje, ukibadilishe kila kikilowa. Pedi ya kike inafaa sana kulinda nguo, kwa wanaume pia, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Usishindilie gozi ndani ya kidonda, maana litashika nyama na kuichana utakapolitoa. Likiganda, lilegeze ndani ya maji ya beseni.

Usipake kitu ambacho hukuandikiwa: majivu, magadi, shubiri, kitunguu saumu, dawa ya meno. Na tunasema hili kwa uzito wote: zile dawa za unga au mafuta za “kudondosha” bawasiri zinazounguza ngozi, usizikaribishe kabla wala baada ya upasuaji. Kinachodondoka ni nyama iliyoungua, pamoja na ngozi nzima iliyo jirani, na kovu lake huziba njia. Kurekebisha njia iliyoziba kwa kovu ni kazi ngumu kuliko kutoa bawasiri.

Sahani ya mgonjwa

Mgonjwa wa nyumba nyingi za Kilimanjaro huletewa mtori. Ni mtamu, unatia nguvu, lakini ndizi zilizopondwa na mchuzi wa nyama zina nyuzinyuzi kidogo, na anayeula asubuhi, mchana na jioni atafunga choo. Usimnyime, ila weka kitu pembeni yake. Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina karibu nusu ya hizo. Parachichi moja la wastani lina kama gramu 10. Kwa hiyo kiburu, ndizi na maharage, kinamfaa kuliko mtori. Makande yanamfaa. Ugali wa dona unashinda wa sembe, uji wa ulezi unashinda chai na mkate mweupe. Mnafu, mchicha, mlenda, papai kila siku. Maharage yataleta gesi, na gesi haichani kidonda.

Nyuzinyuzi bila maji zinageuka tofali. Kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, isipokuwa kama una ugonjwa wa moyo au figo na umewekewa kiwango. Miezi ya 6 na ya 7, ukungu umelala mlimani na mtu hasikii kiu, ndipo wengi wanapokosea. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, hakikisha imeisha kabla ya saa kumi jioni, chai usiihesabu. Pilipili iache wiki za kwanza. Nyama choma punguza.

Mwenye kisukari aangalie sukari yake kwa ukaribu, maana ikipanda kidonda hakijai. Anayetumia dawa za VVU aendelee bila kuruka hata dozi moja.

Unachokiona, na maana yake

Utando wa njano nyeupe juu ya kidonda huwatisha watu kuliko damu. Kwa kawaida si usaha, ni tabaka linalofunika nyama inayokua, na usijaribu kulikwangua. Majimaji ya rangi ya waridi hutoka kwa wiki 3 au 4. Wiki ya 2 au ya 3 mwasho unaanza: ni ngozi inayoota, pamoja na unyevu. Kausha vizuri, vaa nguo ya ndani ya pamba, usikune.

Maumivu makali hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 10. Halafu, wakati huohuo mtu anapojisikia amepona, kunaweza kutokea damu ya pili. Mzizi wa bawasiri ulifungwa au kuchomwa wakati wa upasuaji, na kipande hicho kilichokufa hujibandua kati ya siku ya 5 na ya 14. Kikibanduka kabla mshipa haujaziba, damu inatoka nyingi. Hutokea kwa wachache, lakini ndiyo sababu daktari anakukataza kubeba ndoo hata kama siku ya 9 unajisikia mzima.

Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge, au ukisikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, lala chini, kunja kitambaa safi kiwe kinene, mtu akikandamize kwa nguvu kwenye njia, na gari litafutwe mara moja. Damu inaweza kujaa ndani bila kuonekana nje, kwa hiyo kizunguzungu pekee kinatosha kukupeleka hospitali.

Dalili nyingine ni adimu lakini ina haraka kuliko zote: maumivu yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua, homa ya nyuzi 38 au zaidi, na mkojo unaokataa. Zikija pamoja, usimeze antibaotiki za duka la dawa na kungoja. Huo unaweza kuwa uambukizo uliopanda kwenye nyonga, na ni wa kwenda usiku huohuo, iwe hospitali ya Mawenzi, Mount Meru, KCMC au popote palipo na daktari wa upasuaji karibu nawe.

Kwa aliyekatwa msuli kwa ajili ya mpasuko, siku za kwanza gesi inaweza kumponyoka, au nguo ikachafuka kidogo. Kwa wengi hupita ndani ya wiki chache. Isipopita, aseme kliniki, asinyamaze kwa aibu. Mama aliyechanika sana wakati wa kujifungua anapaswa kumwambia daktari kabla ya upasuaji huu, maana msuli wake wa nje huenda tayari ni dhaifu, na daktari anaweza kuchagua njia nyingine, kwa mfano mafuta ya kupaka ya kulegeza msuli.

Kukaa, kutembea, kurudi kazini

Lala kwa ubavu. Ukikaa, kalia mto wa kawaida. Pete ya mpira yenye tundu katikati inaonekana kama msaada, lakini inatanua makalio na kuvuta kidonda. Tembea dakika 10 mara kadhaa kwa siku kuanzia siku ya 2, kwa sababu kutembea kunaamsha utumbo.

Mtu wa ofisini hurudi kazini baada ya wiki 1 hadi 2, mwenye bawasiri akichelewa kuliko mwenye mpasuko. Dereva wa watalii anayekaa saa nyingi kwenye barabara ya makorongo asipange safari ya Serengeti kabla ya wiki 3 au 4. Mpagazi wa mlimani, anayebeba kilo 20 kichwani, angoje mpaka kidonda kifunge na daktari aseme. Hivyohivyo kwa mama anayechota maji: ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Kwa wiki 2 hadi 3 za mwanzo asiinue kinachozidi dumu la lita 5, na hapa familia ndiyo inayoponya au kuharibu. Mume au watoto wakichota, kidonda kinajaa. Wakimwachia, anakaza tumbo, na damu ya siku ya 9 inapata njia.

Kliniki

Rudi wiki ya 2, hata kama hujisikii vibaya, na tena wiki ya 6. Uliza majibu ya nyama kama ilipelekwa maabara. Na kama una zaidi ya miaka 40 na ulikuwa unatoka damu, uliza kama utumbo mpana ulipimwa, maana bawasiri na uvimbe mbaya vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mweleze daktari umbo la choo. Kikianza kuwa chembamba kama penseli na unalazimika kukamua, kovu linaanza kubana, na likigundulika mapema hunyooshwa kwa kidole au kwa vyuma vyembamba hapo kliniki. Akikuta nyama imejaa mpaka usawa wa ngozi, na choo kinapita bila kusukuma, atakuambia upunguze laktulosi. Ipunguze taratibu: wiki moja mara moja kwa siku, wiki ya pili siku moja ndiyo siku moja hapana, huku maharage na maji vikibaki palepale.